Tundu la AUX kwenye redio ya lori

Redio inayokuja na lori kutoka kiwandani imebeba kazi tatu ndani ya boksi moja: kunasa mawimbi, kuchagua kipi kisikike, na kuipa sauti nguvu ya kusukuma spika. Tundu la AUX, lile tundu la mviringo lenye upana wa milimita 3.5 ambamo waya wa simu huchomekwa, haliongezi kazi ya nne. Ni mlango tu. Hupitisha sauti ya nje hadi katikati ya boksi, baada ya sehemu inayonasa mawimbi na kabla ya amplifaya, ili simu ishike nafasi ya mtangazaji huku spika zikiendelea na kazi yake ileile. Redio nyingi za malori ya zamani hazikupewa mlango huo. Amplifaya nzima, spika nzima, ila hakuna pa kuingilia.

Hali hiyo inaeleweka vizuri zaidi kwenye barabara kama ile ya Njinjo. Njinjo ni kata ya Wilaya ya Kilwa, katika bonde la Mto Matandu, kando ya njia inayoiacha lami ya Nangurukuru na kuingia ndani hadi Liwale, mwendo wa takriban kilomita 230 ambao sehemu yake kubwa imekuwa ya udongo kwa miongo mingi. Malori ya njia za namna hiyo ni yale ambayo Kusini kila mtoto anayajua kwa mlio: Fuso, Canter, Isuzu Elf. Hupanda na saruji, mabati na bidhaa za madukani, hushuka na ufuta, mbao na korosho kwa misimu yake. Mengi yao yalishatumika Japani kabla ya kuvuka bahari, na redio zake zilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kwa miaka mingi masafa ya FM nchini Japani yalianzia megahezi 76 na kuishia 90. Hata yalipopanuliwa baadaye yaliishia 95. Tanzania hutumia 87.5 hadi 108. Redio ya Kijapani iliyofungwa kwenye Canter ya mwaka 1995 kwa hiyo haina ubovu wowote, ila inasikiliza mahali ambapo hakuna anayesema. Kati ya dunia hizo mbili pana ukanda mwembamba tu wa pamoja, wa 87.5 hadi 90. Idhaa iliyobahatika kuwa ndani ya ukanda huo itasikika. Nyingine zote zipo juu ya pale mshale unapoishia. Mawimbi ya kati, yale ya AM, hayana kikwazo hicho kwa sababu Japani na Tanzania hupanga idhaa kwa hatua zilezile za kilohezi 9, lakini watangazaji wengi walishahamia FM.

Dawa ya zamani ya ugonjwa huu ni kifaa kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio ili kuteremsha masafa. Kikipunguza megahezi 20, kwa mfano, idhaa ya 98.0 husikika pale palipoandikwa 78.0. Zilizo chini ya 96 hupotea, kwa kuwa zikipunguzwa 20 huangukia chini ya 76, mahali ambapo redio haifiki. Na hata idhaa ikipatikana, FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka: vilima, miti na umbali huila. Lori likishaingia pori, kinachobaki ni mkwaruzo.

Zamani kaseti ndiyo iliyoziba pengo hilo. Siku hizi ni simu yenye kadi ya kumbukumbu iliyojaa taarabu, singeli, mawaidha na mechi zilizorekodiwa, na utingo ndiye mkuu wa vipindi. Simu peke yake ndani ya kebini ya dizeli haisikiki. Spika yake ndogo hushindana na injini iliyo chini ya kiti chenyewe, na hushindwa.

Zipo njia mbili za mkato ambazo hazihitaji kuifungua redio, na zinastahili kuelezwa kwa sababu zinatosha watu wengi. Ya kwanza ni kirusha FM, kile kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti ambacho hupokea muziki wa simu na kuurusha kama kituo kidogo cha redio chenye eneo la upana wa kebini. Kwenye redio ya Kijapani lazima kipangwe ndani ya ule ukanda wa 87.5 hadi 90. Muuzaji akikipanga kwenye 103 kisha akadai ni kibovu, kosa si la kifaa. Porini kinafanya kazi vizuri kwa kuwa hakuna wa kukiingilia. Lori likikaribia mji, idhaa halisi iliyo jirani humfunika mwimbaji katikati ya ubeti. Kabla ya kukichomeka ni vyema pia kusoma maandishi madogo ya ubavuni: umeme wa lori ni volti 24, na kifaa kilichoandikwa volti 12 pekee huungua mara ya kwanza tu.

Njia ya pili ni kaseti yenye waya. Ndani yake hakuna mkanda, bali kichwa kidogo cha sumaku kinachokaa uso kwa uso na kichwa cha deki. Simu hutuma muziki kwenye kichwa cha kaseti, nacho huupitisha kwa usumaku kana kwamba mkanda unapita. Ni ubunifu wa kupendeza, na sauti yake hushinda ya kirusha FM. Sharti lake ni deki iwe bado inazunguka, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwani mikanda ya mpira ndani ya deki hulegea au kuyeyuka baada ya miaka ya joto, na deki isiyozunguka huitema kaseti.

Aliyechoshwa na yote mawili hubaki na njia ya tatu, kuufungua mlango wenyewe. Kazi hii humfaa fundi redio zaidi kuliko fundi umeme wa magari. Haihitaji vipuri vya bei. Inahitaji kujua mahali.

Mahali penyewe ni kwenye voliumu. Sauti yoyote ndani ya redio, iwe ya FM, AM au kaseti, lazima ipite kwenye voliumu kabla ya kufika kwenye amplifaya, na ikifika hapo imeshakuwa na nguvu inayokaribiana na ile inayotoka kwenye tundu la simu. Kabla ya hapo mambo ni tofauti sana. Kichwa cha kaseti hutoa umeme wa chini ya sehemu moja ya elfu ya volti, wakati simu iliyofunguliwa sauti hutoa nusu volti au zaidi. Anayeunga simu kwenye nyaya za kichwa cha kaseti huipa redio mara mamia ya kile inachokitarajia, na husikia mkoromo usio na maneno. Baada ya voliumu na amplifaya, hatari hugeuka upande wa simu. Kwenye redio nyingi waya zote mbili za spika zina umeme wake, hakuna ulio ethi, na kuziunga na simu ni kuiharibu simu. Voliumu ndiyo sehemu pekee ambapo pande hizo mbili zinalingana.

Swali la kwanza la fundi ni kama voliumu ni ya aina ya zamani, na jibu hupatikana kwa vidole bila kufungua chochote. Nobu inayozunguka ikagota mwanzo na mwisho ni ya zamani, na kazi ni nyepesi. Nobu inayozunguka bila kikomo haipitishi sauti kabisa. Yenyewe huhesabu hatua na kuiambia chipu, yaani aisii, ipandishe au ishushe. Redio ya aina hiyo hutaka mtu anayeweza kusoma ramani ya aisii inayoshughulikia sauti na kupata miguu ambayo sauti ya FM inaingilia. Bila ramani hiyo ni afadhali kurudi kwenye kaseti au kirusha FM.

Betri hutolewa waya wa hasi kwanza, kisha redio huchomolewa kwenye dashibodi. Hapa pana tahadhari moja kwa malori ya Ulaya: baadhi ya redio zake zikikatiwa umeme hudai namba ya siri kabla ya kuwaka tena, na namba hiyo mara nyingi ilibaki na mwenye lori wa kwanza. Redio za Canter na Elf za zamani hazina makuu hayo. Skrubu nne au sita, kifuniko cha bati kinatoka, na kinachoonekana kwanza ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara hupenya kwenye mlango wa kaseti na kulala juu ya saketi kama unga. Hupigwa kwa brashi kavu kabla ya kitu kingine chochote, maana likichanganyika na lehemu ya moto, kiungo hakishiki.

Voliumu ya stereo kwa kawaida ina miguu sita iliyopangwa safu mbili, mitatu ya kushoto na mitatu ya kulia. Redio nyingi za malori ni za mono, zenye spika moja, na miguu ni mitatu tu. Katika kila mitatu, mmoja ni ethi, wa kati ndio unaoelekea kwenye amplifaya, na wa tatu ndio sauti inapoingilia. Mita huitenganisha miguu hiyo redio ikiwa imezimwa. Voliumu ikiteremshwa hadi chini kabisa, mguu wa kati husoma karibu sifuri na ethi, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya kunyamaza. Mguu wa tatu hubaki na ukinzani wake, mara nyingi kati ya kilo-omu 10 na 50. Kisha huja jaribio linalomaliza ubishi. Redio huwashwa juu ya meza kwa umeme wa volti zake, simu huanza kupiga wimbo, na waya wake hugusishwa kwenye mguu wa tatu kupitia kapasita. Sauti ya simu ikitoka kwenye spika ikiwa imechanganyika na mkwaruzo wa FM, mguu ni huo.

Kapasita hiyo haina mjadala. Ndani ya redio kila njia ya sauti ina umeme tulivu wa saketi unaokaa chini ya sauti yenyewe, na umeme huo haupaswi kuifikia simu. Kapasita huuzuia na kuruhusu sauti ipite. Ukubwa wa kuanzia maikrofaradi 1 hadi 10 unatosha. Ikiwa ndogo zaidi ya hapo besi huanza kupungua. Ikiwa ni ya aina yenye chanya na hasi, upande wa chanya hutazama kule kwenye volti kubwa, yaani ndani ya redio.

Redio ya mono ina jambo lake. Simu hutoa sauti mbili, kushoto na kulia, na spika ni moja. Kuzisokota nyaya hizo mbili pamoja ni kuzifanya sehemu mbili za simu zisukumane. Dawa ni rizista mbili za kilo-omu 1, moja kwa kila upande, zikikutana mbele kabla ya kapasita. Fundi anayeunga upande mmoja tu na kuuacha mwingine hataua kitu, lakini nyimbo zilizorekodiwa gitaa upande mmoja na sauti upande mwingine zitapoteza nusu yake, na mwenye lori atasema simu imeharibika.

Baada ya hapo huja uamuzi unaotofautisha kazi nzuri na ya kubabaisha: nini kifanyike kwa ile sauti ya FM. Ikiachwa ilivyo, mkwaruzo utachanganyika na muziki siku zote. Ikikatwa moja kwa moja, redio huacha kuwa redio. Na redio bado ina kazi yake. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani, mvua yake ilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na malori yalikwama kwa siku kadhaa pande zote mbili. Katika siku za namna hiyo kadi ya kumbukumbu iliyojaa singeli haimwambii dereva chochote kuhusu mto ulio mbele.

Tundu lenyewe hutatua jambo hilo. Madukani yapo matundu ya miguu mitatu na ya miguu mitano, na tofauti ya bei ni ndogo mno kiasi kwamba kununua la miguu mitatu ni ubahili usio na faida. Ndani ya tundu la miguu mitano kuna vibati viwili vinavyogusana na viwili vingine pale ambapo hakuna kilichochomekwa, na kuachana plagi inapoingia. Njia ya sauti ya FM hukatwa kabla ya mguu wa tatu wa voliumu, kisha hupitishwa kwenye vibati hivyo. Plagi ikiwa nje, FM hupita kama zamani. Plagi ikiingia, hukisukumia mbali kibati, FM hukatika, na simu huchukua nafasi. Hakuna swichi wala kitufe. Kasoro yake ni moja: waya ukiachwa umechomekwa bila simu, redio hunyamaza kimya, na wapo waliopeleka redio nzima kwa fundi kwa sababu hiyo tu.

Waya unaotoka kwenye voliumu hadi kwenye tundu uwe ule wenye wavu wa shaba unaozunguka nyuzi za ndani. Wavu huo ndio ethi, na huungwa kwenye mguu wa ethi wa voliumu ileile. Si kwenye bati la redio wala kwenye bodi ya lori. Wengi hupuuza jambo hili kwa kuona ethi ni ethi. Katika gari, bodi hupitisha umeme wa taa, wa wipa na wa altaneta, na kati ya bolti moja na nyingine kuna tofauti ndogo za volti. Tofauti hizo zikipata njia ya kuingia kwenye waya wa sauti, amplifaya huzikuza pamoja na muziki.

Dalili yake inajulikana: mlio mwembamba kama wa mbu unaopanda dereva akikanyaga mafuta na kushuka akiachia. Mara nyingi husikika simu inapochajiwa huku imeunganishwa kwenye AUX, na hutoweka chaja ikichomolewa. Simu wakati huo ina njia mbili za kwenda ethi, moja kupitia chaja na nyingine kupitia waya wa sauti, na altaneta huzitumia zote. Chaja ya bei ya chini huongeza uchafu wake, kwa kuwa kuteremsha volti 24 hadi 5 kwa kukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde si kazi ya kimya. Kinachofaa ni kifaa kidogo chenye transfoma mbili ndogo, kinachowekwa katikati ya waya wa AUX: sauti huvuka kwa usumaku, na kwa kuwa hakuna waya unaoendelea kutoka upande mmoja hadi mwingine, altaneta hukosa njia.

Kosa kubwa zaidi la umeme hutokea kwa anayeamua kuitupa redio ya kiwandani na kufunga ya gari dogo yenye AUX, flashi na taa za rangi. Redio hiyo ni ya volti 12. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana, na kishawishi ni kuchukua umeme kwenye betri moja. Redio itawaka na kuimba. Lakini altaneta huzichaji betri zote mbili kwa mkondo uleule, wakati moja inatumika zaidi ya mwenzake. Ile inayotumika haijai kamwe, na ile nyingine hujazwa kupita kiasi hadi maji yake yanachemka. Baada ya miezi kadhaa lori hukataa kuwaka asubuhi, na hakuna anayeikumbuka redio. Njia sahihi ni kipunguza umeme kinachoshusha 24 hadi 12 kwa ajili ya redio nzima, chenye fyuzi yake. Redio ya kiwandani iliyoongezewa tundu haina gharama hiyo, kwa kuwa tangu mwanzo ilitengenezwa kwa volti 24.

Simu zenyewe zinabadilika. Tundu la milimita 3.5 lilienea pamoja na redio ndogo za transista, likiwa mtoto wa ile plagi kubwa ya mitambo ya kuunganisha simu kwa mkono ya karne ya 19, na Apple ilipoliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016 wengine wengi walifuata. Simu nyingi za bei nafuu bado zinalo. Zisizokuwa nalo hutumia kiungo kidogo cha USB-C. Wapo wanaofunga kibao kidogo cha saketi ya Bluetooth nyuma ya redio badala ya tundu. Kibao hicho hutumia volti 5, na kikilishwa na kipunguza umeme kinachoshirikiana ethi na redio, yule mbu hurudi bila hata chaja kuwepo.

Kinachobaki ni ufungaji, na barabara ya udongo ndiyo mkaguzi wake. Kiungo cha lehemu kilichoshikilia waya bila msaada hukatika kwa mtikisiko, kwa hiyo waya hufungwa kwenye bati la redio kwa kamba ya plastiki kabla haujafika kwenye kiungo, na tobo unamopita huvalishwa mpira lisiukate. Tundu huwekwa chini ya dashibodi likitazama chini au ubavuni, mahali ambapo vumbi haliangukii moja kwa moja na goti la utingo halifiki. Kizibo cha mpira kikipatikana, kinafaa. Waya urefu wake uwe wa kufika tu. Kebini ya Canter huinamishwa mbele fundi anapoitazama injini, na chochote kilicholegea ndani yake, pamoja na simu iliyosahaulika kwenye waya, huangukia kioo.

Redio hujaribiwa mara mbili kabla skrubu ya mwisho haijakazwa: kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, taa kubwa zimewashwa na simu ikiwa kwenye chaja.